Nilivyohangaika na WiFi kwenye laptop ya Linux ya baba mkwe kule Igamba, hadi ikabidi apigiwe simu mtoto wake aliyeko Zambia

Wakuu, habari za mapumziko.

Humu mimi ni msomaji wa muda mrefu. Jukwaa la tech napita kimya kimya, nachukua dawa yangu naondoka. Leo na mimi nimeleta cha kwangu. Kimenitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu mzee ninayemsimulia siku hizi ana internet na anasoma kila kitu.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye chai aisogeze karibu.

Mimi ni Mnamwanga wa Momba, naishi Tunduma, nafanya kazi kwenye ofisi ya clearing and forwarding pale mpakani. Kazi yangu ni makaratasi ya malori ya transit. Nakaa mbele ya kompyuta kutwa nzima, lakini kukaa mbele ya kompyuta na kuijua kompyuta ni vitu viwili tofauti. Ofisini printer ikigoma, mimi ndiye ninayeita mtu.

Nina mchumba, tumwite Edina. Ni Mnyiha wa Igamba, ana duka la vitenge hapa hapa Tunduma. Washenga wangu walikuwa wameshaenda kwao, wamepokelewa vizuri, wamekula, wakaambiwa jibu litakuja.

Jibu likawa haliji.

Sasa Edina ndiye aliyeniponza. Alipoulizwa kwao mimi nafanya kazi gani, akajibu, "Anafanya kazi za kompyuta." Yeye alimaanisha natumia. Kwao wakaelewa natengeneza.

Siku moja akaniambia, "Baba anasema ukipata nafasi Jumamosi upite nyumbani. Kuna kitu cha kompyuta kimemshinda."

Nikamuuliza ni kitu gani.

"Sijui. Kuna kidude cha WiFi nilimnunulia hapa mjini, anasema hakifanyi kazi. Nenda tu, si unajua kompyuta."

Nikamwangalia. Na yeye akaniangalia. Wote tukajua nimeitwa kwenye interview.

Jumamosi asubuhi tukapanda gari hadi Mlowo, tukachukua boda mbili kuingia Igamba. Njia nzima nilikuwa nasoma kwenye simu namna ya kurekebisha WiFi kwenye Windows. Driver, Device Manager, troubleshoot, vyote nikavikariri. Nikafika ukweni nikiwa nimejaa vizuri kabisa.

Mzee ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, watu wote pale wanamwita Mwalimu. Tulimkuta nyuma ya nyumba akigeuza kahawa kwenye vichanja, amevaa koti na kofia ya sufu kwa ile baridi ya kule. Nikampa shikamoo, akaitikia, akafuta mikono taratibu.

"Edina anasema wewe ni mtu wa kompyuta."

"Najaribu, baba."

"Haya. Njoo ujaribu."

Mama mkwe alinisalimia kutokea mlango wa jikoni, akarudi ndani. Yeye ni wa kizamani kidogo, anafuata ile heshima ya mama mkwe kutokaa chumba kimoja na mkwe. Kwa hiyo siku nzima nilimsikia zaidi kuliko nilivyomwona. Mnisaidie kulikumbuka hilo mkiendelea kusoma.

Sebuleni kulikuwa na meza ya pembeni, juu yake laptop kubwa nzito ya zamani, ile yenye mlango wa CD ubavuni. Imefunikwa kitambaa cha kufuma kama vile ni redio ya miaka hiyo. Battery ilishakufa, inaishi kwa chaja.

Mzee akaifunua, akaiwasha.

Wakuu, kioo kikawaka, na mimi nikatafuta kile kibatani cha Start ninachokijua. Hakipo. Nikaangalia chini, juu, pembeni. Kuna rangi ya kijani na maandishi nisiyoyazoea.

"Hii ni Windows gani, baba?"

"Sio Windows," akasema. "Ni Linux. Aliiweka mwenyewe aliyeiacha."

Alivyosema "mwenyewe aliyeiacha" hakutaja jina, na Edina akaangalia dirishani. Nikaona hapo kuna jambo, nikarudi kwenye kioo.

Baadaye Edina akanielezea pembeni. Laptop ilikuwa ya kaka yake, tumwite Gidion. Ni mtoto wa kwanza, fundi wa magari makubwa, na huko nyuma alipenda sana kompyuta. Alivuka kwenda Zambia kutafuta maisha, akafika Solwezi, akapata kazi kwenye karakana, na akaoa huko huko. Hakuna aliyetumwa nyumbani, hakuna barua, hakuna mshenga. Mwalimu alipata habari ya harusi ya mtoto wake kwa kuonyeshwa picha kwenye simu ya jirani.

Tangu hapo mzee hakupiga simu na hakupokea. Laptop ameitunza, mwenye laptop hatajwi.

Mnaelewa sasa kwa nini jibu la posa yangu lilikuwa linachelewa. Yule mzee alikuwa na kidonda cha harusi.

Tuendelee na kompyuta.

Mzee alitaka kitu kidogo tu. Macho yanaanza kumsumbua, kusoma kwenye simu anaumia. Anataka asome magazeti na afuatilie bei za kahawa kwenye kioo kikubwa. WiFi ya ndani ya laptop ilishakufa, ndiyo maana Edina akamnunulia kile kidude cha USB, wireless adapter, kadogo kama ukucha wa dole gumba.

Nikakichomeka. Kimya, hakuna hata taa.

Nikakichomoa, nikakipuliza, nikakichomeka tundu la upande wa pili. Najua mnacheka, lakini kila fundi huanzia hapo.

Bado kimya. Jasho likaanza kunitoka na baridi yote ile.

Nikaomba ruhusa kidogo, nikatoa simu yangu, nikaanza kutafuta upya, safari hii Linux. Kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni kufungua kile kidirisha cheusi kinachoitwa terminal na kuandika neno moja:

lsusb

Hiyo inaonyesha vitu vyote vilivyochomekwa kwenye USB. Nikaandika, orodha ikaja, na kidude chetu kikawemo. Nikapumua. Maana yake laptop inakiona, hakijafa.

Nikamwambia mzee, "Kinaonekana, baba. Shida ni kwamba hakijajulikana ni nini."

Mzee akasogea karibu, akaweka miwani.

"Mimi kuna kitu nimekiona," akasema. "Kila nikikichomeka, inatokea picha ya CD pale juu. Na mlango wa CD hauna kitu, nimeufungua mara nyingi. Nikadhani ni ugonjwa wa laptop."

Nikaangalia kwenye desktop. Kweli, kuna icon ya CD imekaa pale. Nikachomoa kidude, CD ikapotea. Nikakirudisha, CD ikarudi.

Hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Nikaitafuta hivyo hivyo kwenye simu, kwamba adapter ya WiFi inajionyesha kama CD. Kumbe ni kitu cha kawaida. Baadhi ya hivi vidude vinabeba ndani yake driver ya Windows, yaani programu ya kuviendesha. Ukikichomeka kinajifanya CD kwanza, ili mtu wa Windows ai-install kutoka humo. Kikishamaliza ndiyo kinageuka kuwa WiFi. Kwenye Linux hakuna wa kukigeuza, kinabaki CD maisha yote.

Dawa ya kwanza: right click kwenye ile CD, chagua Eject.

Nikafanya. CD ikapotea. Nikarudia lsusb, namba na jina la kidude vimebadilika. Kimekubali kwamba ni WiFi.

Mzee akasema, "Enhee." Neno moja tu, ila ile ilikuwa sifa yangu ya kwanza ukweni.

Lakini mtandao bado haukuonekana, kwa sababu ile Linux ilikuwa ya zamani na haikuwa na driver ya chip hiyo. Kuipata inatakiwa kuidownload. Kuidownload inatakiwa internet. Na internet ndiyo tunayoitafuta.

Hapa niwape faida wale wanaoanza. Chukua simu ya Android, ichomeke kwenye laptop kwa waya wa kuchajia, ingia kwenye settings za hotspot, washa USB tethering. Linux inaikubali moja kwa moja, haiulizi driver. Nikafanya hivyo, internet ikaingia kwa waya.

Nikafurahi. Nikacopy command ya kwanza ya ku-install driver, ile inayoanza na sudo, nikabonyeza Enter.

Ikaniuliza password.

Nikageuka. "Baba, password ya hii laptop ni ipi?"

"Haina password. Unaiwasha inaingia."

Kweli inaingia yenyewe, Gidion aliipanga iwe hivyo. Lakini ukitaka kuongeza kitu ndani ya mfumo, lazima utoe password ya mwenye mashine. Nikamweleza hivyo kwa upole.

"Kwa hiyo nani anaijua?"

Jikoni sufuria zilizokuwa zinagongana zikatulia.

Mzee akasimama, akasema kahawa inatakiwa kugeuzwa, akatoka.

Wakuu, nilikaa pale nikiwa sijui niondoke au nibaki. Nikaendelea kuchimba kwenye simu. Nikakuta maelezo kwamba unaweza kuiwasha laptop kwa recovery mode, ukaifuta password ya zamani na kuweka mpya. Hatua chache tu. Najua wataalamu humu mlikuwa mmeshaanza kuandika comment kuhusu hilo.

Nikamwonyesha Edina. "Njia nimeipata. Hatumhitaji kaka yako."

Akaichukua simu, akasoma, akanirudishia.

"Funga hiyo page."

"Kwa nini?"

"Wewe funga. Baba akirudi mwambie haiwezekani. Atapiga."

Nikaelewa anachotaka. Alikuwa anamtaka kaka yake arudi kwenye midomo ya watu wa nyumba ile, na kile kidude cha USB kilikuwa kimemletea nafasi ambayo hakuwahi kuipata. Nikafunga page.

Mzee akarudi. Akakaa. Akaangalia kile kidirisha cheusi bado kinasubiri password.

"Hakuna njia nyingine?" akaniuliza.

Edina alikuwa amesimama nyuma yake, ananikazia macho.

Nilifikiria haraka sana. Huyu mzee nimekuja kuomba mtoto wake. Nikianza kwa kumdanganya, nitaendelea mpaka lini?

"Ipo, baba," nikasema. "Naweza kuifuta password ya Gidion nikaweka mpya. Itafanya kazi. Ila mashine itakuwa haimtambui tena yeye."

Edina akaangalia juu kwenye dari.

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena. Mimi nikawa nasubiri aseme endelea.

"Hapana," akasema. "Mtu usimfutie kitu chake hayupo. Mpigie."

"Nimpigie nani, baba?"

"Mwenyewe."

Nikatoa simu. "Namba yake ni ipi?"

"Mimi sina."

Edina akafungua mdomo ili aseme, lakini sauti ikatoka jikoni, nyuma ya pazia, mama mkwe anaitaja namba ya Zambia kuanzia code ya nchi mpaka mwisho, bila kusita, kama mtu anayesali sala ya kila siku.

Mzee akaangalia ukuta.

Nikapiga, nikaweka loudspeaker, nikaiweka simu mezani.

Ikaita. Ikapokelewa, na nyuma yake kelele za nyundo na injini.

"Mulishani, mukwai," sauti ikasema. Ni salamu ya Kibemba, kazini huko anaitumia kutwa.

Mzee akainama kwenye simu. "Mimi ni baba yako."

Zile kelele zikaanza kupungua, nadhani alikuwa anatoka nje ya karakana.

"Shikamoo, baba. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kuna laptop."

"Laptop?"

"Ile uliyoiacha. Inataka password. Mkwe wangu hapa anaweka WiFi."

Wakuu, mimi nilisikia neno moja tu katika sentensi yote ile. Mkwe wangu. Nikamwangalia Edina, na yeye alikuwa amelisikia, akajifanya anapanga vitambaa vya makochi.

Gidion akakohoa. "Baba, labda nimtumie huyo shemeji kwa meseji."

"Kwa nini? Sema hapa hapa, anasubiri."

"Baba, ni password tu ya utoto."

"Gidion."

"Ndiyo, baba."

"Sema."

Akavuta pumzi. "Mzee anakuja."

Mzee akageuka kuangalia mlangoni. "Mzee gani?"

"Hiyo ndiyo password, baba. Mzee anakuja. Yote pamoja, herufi ndogo."

"Mzee gani huyo?" baba mkwe akauliza tena, polepole.

"Ni wewe, baba. Ulikuwa unaniambia nisome, mimi nacheza game. Nikisikia baiskeli yako inaingia uani nafunga laptop. Basi nikaiandika hivyo."

Nilikuwa nimeshika keyboard, naogopa hata kuandika. Nikamwona mzee mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, halafu ikatoka sauti, akavua miwani, akajifuta macho kwa mkono. Jikoni nako pazia likawa linacheza, mama anacheka humo ndani.

"Andika," akaniambia. "Andika, mzee ameshafika."

Nikaandika mzeeanakuja. Kwa wasiojua, terminal ya Linux haionyeshi hata nyota ukiandika password. Mzee akaniuliza mbona siandiki kitu. Nikamwambia naandika, baba, inaficha. Nikabonyeza Enter, ikakubali.

Kuanzia hapo Gidion hakukata simu.

Install ya kwanza ikaleta error ndefu, maandishi mekundu yanapanda kama moshi. Nikamsomea mwisho wake. Akasema, "Hujaweka headers, shemeji. Weka kwanza linux-headers na build-essential na dkms, ndiyo hiyo driver itajengeka." Nikaweka. Ikawa inadownload polepole kwa kifurushi changu, na wakati inadownload baba na mtoto wakawa wamekaa kwenye simu bila cha kusema.

Kisha mzee akauliza, "Umekula?"

"Bado, baba. Ni saa ya kazi."

"Huko wanakula nini?"

"Nshima. Ni ugali tu huu huu wetu."

"Mm."

Mzee akauliza kama huko kuna baridi. Gidion akauliza kama kahawa imezaa. Mzee akamwelezea shamba lote, mti kwa mti, lile eneo la chini lililoshambuliwa na ugonjwa, lile la juu lililopona. Driver ikamaliza kujengeka zamani na mimi sikusema. Nikakaa naangalia kioo kana kwamba bado inafanya kazi.

Mwisho nikawaambia inatakiwa ku-restart.

Ikarestart, na kile kidude kikarudi kuwa CD.

Nilitaka kukitupa kwenye kahawa. Gidion akacheka huko, akasema kuna kitu kinaitwa usb-modeswitch, kazi yake ni kukigeuza chenyewe kila laptop ikiwaka, ili mzee asihangaike na Eject. Akanielekeza neno kwa neno, nikaandika, nikakosea, akanirudisha, nikaandika tena. Password ikaulizwa tena, na safari hii mzee mwenyewe akaitamka kwa sauti, anacheka.

Restart ya pili, taa ya bluu ikawaka kwenye kidude.

Juu kwenye kona ikatokea ile alama ya WiFi, nikabonyeza, nikauona mtandao mmoja tu kwenye kijiji kizima, hotspot niliyoiwasha kwenye simu yangu. Nikaunganisha. Nikafungua gazeti, nikayakuza maandishi, mzee akasoma kichwa cha habari akiwa ameegemea kiti, bila kuinama.

Kazi imekwisha, nikajisemea, sasa nipewe maji ya kunawa.

Mzee akasema, "Hii ina kamera?"

"Inayo, baba."

"Basi tumwone."

Nikafungua video call ya kwenye browser, link nikamtumia Gidion kwa meseji. Edina akamwambia kaka yake aende nyumbani. Gidion akaomba ruhusa kazini, tukasubiri, chai ikaletwa na maboga. Baadaye akaingia.

Picha ikatokea. Jamaa amevaa ovaroli, amenenepa kidogo, masharubu yamejaa. Baba yake akamwangalia muda mrefu.

"Umekuwa mtu mzima," akasema.

"Ndiyo, baba."

Kisha mwanamke akaingia kwenye picha, kitenge kiunoni, kitambaa kichwani. Anaitwa Mutale. Akakaa karibu na Gidion, akaangalia kamera, na mara akapotea. Tukabaki tunamwona Gidion peke yake na ukuta.

Mzee akasogea kwenye kioo. "Amekwenda wapi? Mtandao umekata?"

"Haujakata, baba," Gidion akasema. "Amepiga magoti. Anakusalimia."

Na kweli, kutokea chini ya picha ikasikika sauti ndogo, "Mulishani, tata" (tata kwao ni baba), na makofi yale ya taratibu ya heshima.

Kwetu Wanamwanga tunaishi nao Wabemba, najua maana ya mwanamke kupiga magoti hivyo. Nadhani Mwalimu naye hakuhitaji kuelezwa.

"Mwambie anyanyuke nimwone," akasema.

Mutale akanyanyuka, akaonekana. Analia na anacheka.

Mzee akamwita mke wake. "Mama Gidion, njoo umwone mkweo."

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akapita mbele yangu bila kukumbuka heshima yoyote ya mkwe, akaweka uso kwenye kioo. Mimi ndiye niliyejiondoa, nikaenda kusimama mlangoni. Nikamsikia Gidion anaanza kusema, "Baba, kuhusu ile harusi, nilikosea," na mzee anamkatisha.

"Hayo sio ya kwenye kompyuta. Mlete mke wako nyumbani, tutaongea tukiwa tumekaa."

Nikatoka nje kabisa, nikaenda kwenye vichanja, nikageuza kahawa ambayo sijui hata inageuzwaje.

Walikuja. Hawakuchelewa, walikuja kabla mavuno hayajaisha. Mimi ndiye niliyewapokea upande wa Nakonde, ng'ambo ya Zambia, nikavuka nao mpaka, maana pale mpakani ndiyo kazini kwangu. Mutale alifungashiwa kuku na mama mkwe siku ile ya kuondoka, na Gidion alimwomba baba yake msamaha ndani, mlango umefungwa, sijui walisema nini na sikuuliza.

Siku hiyo hiyo ya msamaha, tukiwa wote tumekaa, mzee akatuma neno kwa washenga wangu waje wachukue jibu. Mnaweza kulibashiri.

Sasa kwa mliokuja kwa ajili ya WiFi tu, msije mkasema nimewapotezea bando. Kidude kikigoma kwenye Linux, usikimbilie kukirudisha dukani. Andika lsusb uone kama kinaonekana. Angalia kama hakijajificha kwenye umbo la CD, ukikikuta hivyo kifanyie Eject na usb-modeswitch ikumalizie. Pata internet kwa waya wa simu. Weka headers kabla ya driver. Kama Linux yako ni mpya huenda driver imo tayari na hutapata hata shida, sisi yetu ilikuwa ya zamani. Na kabla hujafanya lolote, muulize anayeitumia mashine ameona nini. Kama mzee asingeniambia habari ya ile picha ya CD, mpaka leo ningekuwa napuliza matundu ya USB.

Somo langu mwenyewe ni lile swali la "hakuna njia nyingine?" Nilikuwa na uongo mzuri mdomoni, wenye faida kwa kila mtu mle ndani. Nikasema kweli nikidhani nimeharibu, kumbe mzee alihitaji achague mwenyewe. Edina mpaka leo anasema nilibahatisha. Inawezekana.

Kwa hiyo wakuu, naomba michango yenu. Mliowahi kupewa kazi ya ufundi ukweni ilhali sio mafundi, mlitokaje? Na wataalamu wa Linux, nina swali la haraka: Mwalimu amenunua printer, ameniita Jumamosi, na nimeshamjibu nakuja.